Futi Nne za Brody

Mlango wa jikoni ulikuwa umesema futi nne na robo inchi. Nguzo ya kupimia kwenye lango la bustani ya Conover ilisema hapana.

Mama mmoja wa makamo, mfanyakazi wa bustani, kifuani ana kibandiko chenye jina Lucinda, aliteremsha ubao mdogo hadi ukagota utosini mwa mtoto, akainama kuutazama mstari, kisha akachukua bangili ya karatasi ya kijani na kumfunga Brody Lindemuth mkononi. Kijani ni ya farasi wa kuzunguka, vikombe, na magari ya kugongana. Nyekundu ni ya futi nne na kuendelea, nayo ndiyo inayofungua njia ya kwenda Kipanga. Baada ya Brody alisogea dada yake Maren, mwenye miaka saba. Ubao ukateremka, ukasimama, na Bi Lucinda akamfunga nyekundu.

Krista, mama yao, aliitazama ile mikono miwili ikiwa bega kwa bega, na kitu cha kwanza kilichomjia hakikuwa huzuni. Kilikuwa swali. Mlango na nguzo haviwezi kusema kweli vyote viwili.

Siku hiyo Brody alikuwa anatimiza miaka tisa. Asubuhi, kabla ya chai, familia ilikusanyika jikoni kama ifanyavyo katika siku ya kuzaliwa ya kila mtoto: viatu vimevuliwa, visigino vimegusa fremu ya mlango, na Royce, baba yao, ameweka skwea, rula yake ya pembe mraba, utosini na kuchora mstari kwa penseli yake bapa ya useremala. Royce ni fundi wa milango. Nusu ya nyumba za mtaa wao zinafungwa na kufunguliwa kwa mkono wake, na mlango wake haukwaruzi sakafu wala hauachi upenyo wa upepo. Mstari wa asubuhi ile ulipopita futi nne, Arlene, mama yake Royce, alipiga makofi, na Brody akakimbia chumbani kuvaa fulana ya bluu ambayo wote watano walivaa, imeandikwa mgongoni: Brody Ametimiza Tisa.

Mstari ule ulikuwa umebeba mambo mawili. La kwanza Brody alilijua: akifika futi nne atapanda Kipanga, treni ya reli za mbao inayopaa juu ya vilele vya miti kisha ikajitupa upande wa pili. Wavulana wa darasa lake walishaipanda wote, na walikuwa na namna yao ya kumkumbusha. La pili walilijua wazazi peke yao. Mwezi wa tatu daktari wa watoto alikuwa amesema kwamba hakupendezwa na namna kijana anavyokua. Wampime siku ya kuzaliwa kwake. Akifika futi nne, watangoja. Asipofika, wapige simu siku hiyo hiyo, naye atawaelekeza kwa bingwa wa ukuaji. Kwa hiyo penseli ilipopita futi nne, aliyefurahi zaidi jikoni mle hakuwa Brody.

"Nguzo yao imepotoka," alisema Royce walipotoka kwenye foleni. "Imekaa juani tangu enzi za Nuhu. Mbao hutanuka."

"Ile ni ya chuma," Krista alimwambia.

"Chuma nacho hutanuka."

Arlene aliingilia kati, akasema vilevile kwamba binadamu husinyaa kadiri siku inavyokwenda, yeye mwenyewe ameshapoteza inchi mbili, na ukimkalisha mtoto kwenye gari saa mbili nzima unategemea nini. Krista alijua kwamba hilo la kusinyaa lina ukweli ndani yake. Watu hupungua kidogo kati ya asubuhi na jioni. Lakini hawapungui namna hii, na Maren alikaa kwenye gari lile lile.

Kulikuwa na jambo jingine, dogo, lililomwasha kama unyasi ndani ya soksi. Royce hutembea na tepu ya kupimia kiunoni hata kanisani. Mtu huyu alipima kitanda cha hoteli usiku wa fungate, akaenda kulalamika mapokezi. Wiki iliyopita tu alimpimia muuza piza piza yake mwenyewe, akadai punguzo akapewa. Leo anadai kwamba nguzo inamdhulumu mwanawe haki ya siku yake, nguzo iko hatua chache kutoka alipo, tepu iko kiunoni. Naye alikuwa anatazama ramani ya bustani.

---

Kwenye ofisi ya wageni walimpa Brody beji kubwa ya manjano. Ndiyo desturi ya Conover: anayesherehekea chochote, awe amezaliwa, ameoa au amestaafu, hupewa beji, na kila mfanyakazi anayeiona hana budi kumpongeza mwenye nayo. Kijana aliyeiandika jina alimwinamia akitabasamu.

"Unatimiza mingapi, bwana mdogo? Sita?"

"Tisa."

Kilipita kimya kifupi mno, cha kumeza mate tu, kisha kijana akasema tisa ni umri mzuri sana.

Kimya kile kikawa ndiyo sherehe yenyewe. Mzoa taka aliwasimamisha akapongeza, akauliza, akanyamaza kidogo. Muuza bisi naye vivyo hivyo. Msichana wa kwenye vikombe vya kuzunguka alimpongeza Maren kwa kuwa dada mkubwa mwenye huruma. Maren, ambaye hapitwi na kitu, alijibu kwamba yeye ndiye mdogo, na kwamba kaka yake anajua majina ya mifupa yote ya mguu. Kufikia adhuhuri Brody alikuwa hasubiri tena. Akimwona mfanyakazi wa fulana ya chungwa anakuja na tabasamu, alikuwa anasema mapema, bila hasira, kama mtu anayeonyesha tikiti yake: "Tisa. Najua."

Krista alimwambia kwamba akitaka anaweza kuivua beji. Brody akafikiri.

"Hapana," alisema. "Nataka kuona kama yuko ambaye atapatia."

---

Chakula cha mchana walikula kwenye mgahawa wenye meza za kuhudumiwa. Arlene ndiye aliyelipa tikiti za wote, na alikuwa ameapa kwamba mjukuu wake hatakula soseji ya kusimama siku ya kuzaliwa kwake. Mhudumu aligawa orodha za vyakula. Maren alipewa ya kawaida. Brody alipewa karatasi yenye picha ya twiga wa kupakwa rangi, na kikombe cha kalamu za nta.

Brody akaitazama karatasi, akachagua kalamu ya zambarau, akaanza kumpaka twiga kwa makini. Royce alisukuma kiti.

"Twende tukanawe mikono, mzee," alimwambia mwanawe. Akainuka, akapita kwenye kaunta, akaomba vikasha viwili vitupu vya keki, akaondoka navyo. Krista aliviona vile vikasha na hakujua ni vya nini. Alikuwa na hesabu nyingine kichwani.

Mwezi wa nne Maren alipimwa kwenye mlango ule ule. Mlango ulisema futi nne kasoro kidogo, na leo nguzo imesema futi nne na chembe. Yaani mlango na nguzo vinakubaliana kuhusu Maren. Mlango mmoja, sakafu moja, skwea moja, mkono mmoja. Basi kosa haliko kwenye mlango, wala haliko kwenye nguzo. Kwa muda mrefu alikuwa amejizoeza kusema kwamba watoto hawa wanalingana, akizisingizia nywele za Maren zilizofurika na viatu vyake vya soli nene. Leo asubuhi walisimama wote pekupeku kwenye vigae. Aliwatazama, akaona kile tu ambacho penseli ilikuwa imekwisha kumwambia: wanalingana.

"Mama," alimwambia Arlene, "Royce alikuwa mfupi hivi kweli?"

Hii ilikuwa hadithi ya ukoo. Wanaume wa Lindemuth huchelewa. Royce alikuwa mfupi kuliko wote darasani mpaka alipofika kumi na tano, ndipo alipochipuka kama mahindi baada ya mvua. Royce aliisimulia kila suala hili lilipozuka, na Krista hakuwahi kupata sababu ya kuihoji.

"Mfupi? Mwanangu, alikuwa kama kisiki." Arlene alijimiminia maji ya ndimu. "Lakini mtundu. Nilimleta hapa hapa, siku yake ya kuzaliwa, wakati huo hawagawi beji, ukipata puto umshukuru Mungu. Alipanda Kipanga mara tatu mfululizo. Mara ya tatu akanitapikia kwenye mkoba. Mkoba wa ngozi, Krista, nilikuwa bado naulipia."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa. Nakumbuka, maana ndiyo mwaka babake alipovunjika mguu."

"Na nguzo ilikuwepo?"

"Nguzo ilikuwepo tangu..." Arlene aliacha kumimina. Hakuwa mjinga. Aliliweka jagi mezani polepole, akaitazama karatasi ya twiga kwenye nafasi ya mjukuu wake. "Alipita kwa shida," alisema baadaye, kwa sauti nyingine. "Lakini alipita."

Royce na Brody walirudi. Kijana alikuwa anatembea kama mtu anayevuka kijito kwa mawe, na uso wake ulikuwa umejaa siri asiyoifurahia. Kabla Krista hajauliza, wahudumu sita walitokea jikoni wakipiga makofi na masufuria, wakaizunguka meza, wakamvisha Brody taji la karatasi na kumwimbia. Keki ilikuwa na mishumaa sita. Mmoja wao alinong'ona miaka aliyodhani, mwingine akamsahihisha, na mishumaa mitatu ikachomekwa mbio mbio huku wimbo ukiendelea. Mgahawa mzima ulishangilia. Brody alizima yote kwa pumzi moja.

"Umeomba nini?" Maren alimuuliza.

"Siombi kitu kwa mishumaa iliyokosewa," Brody alijibu, akala keki.

---

Walirudi kwenye nguzo kwa sababu Royce alisema kwamba sheria inaruhusu kupimwa mara ya pili. Ilikuwa kweli, imeandikwa pale pale kwenye bango la langoni. Foleni ilikuwa ya familia saba au nane, wote na watoto wao, na jua limepanda. Royce alikuwa anaongea kuliko kawaida yake. Aliwaeleza watu wasiomjua habari za watoto wanaonyooka baada ya kula.

Bi Lucinda aliwatambua. Alimtazama Brody, akatazama chini kwenye viatu vyake, kisha akamtazama Royce, na mtu angeweza kuona kwamba kazi hii ameifanya miaka mingi.

"Vua viatu, mpenzi," alimwambia mtoto.

"Asubuhi hukumvua viatu," Royce alisema.

"Asubuhi alikuwa hatembei hivi."

Brody alikaa kwenye kiti kidogo cha plastiki, akafungua kamba bila kuhimizwa. Kiatu cha kulia kilipotoka, vikatoka navyo vipande vya kasha la keki vilivyokatwa kwa umbo la wayo, kimoja juu ya kingine, vimekatwa vizuri, kingo laini, kazi ya fundi. Kiatu cha kushoto vivyo hivyo. Mtu mmoja kwenye foleni alicheka, mkewe akamkanya. Mvulana aliyekuwa nyuma yao, amevaa bangili nyekundu, aliuliza kwa sauti kama hiyo inaruhusiwa.

Royce alikuwa amewiva masikio. Alisema kwamba anachotaka yeye ni haki tu, kwamba mtoto ana futi nne na robo, amempima mwenyewe leo asubuhi, na kupima ndiyo kazi yake, na kama nguzo yao ni mbovu waseme.

"Mimi sipimi ukubwa wa mtu, bwana," Bi Lucinda alimjibu. "Kile chuma cha Kipanga kinachobana mapaja hushuka mpaka kwenye tundu lake, hakishuki zaidi. Chini ya futi nne, mtoto anachomoka. Ndicho ninachopima."

Brody alikuwa amesimama kwa soksi zake kwenye zege. Alisikiliza maelezo yale hadi mwisho, akiyafuata kwa macho kama anayeona chuma kikishuka. Kisha akamgeukia babake.

"Baba, ipime nguzo."

"Vaa viatu, mzee."

"Unayo tepu. Ipime. Kama ni mbovu, watajua ni mbovu."

Royce aliweka mkono juu ya tepu, ukabaki pale. Krista alimtazama mumewe, naye Royce akatazama bembea, mawingu, kila mahali isipokuwa alipo mwanawe. Mkono wa mtu anayejua jibu huwa mzito.

Basi Brody akaichomoa tepu kiunoni mwa babake mwenyewe. Bi Lucinda, bila kuombwa, akapiga goti na kushikilia ncha yake sakafuni, sawasawa, kama amewahi kufanya hivyo. Brody akaivuta juu kwa mikono miwili mpaka ikafika kwenye mstari mwekundu wa futi nne, juu kidogo ya utosi wake, ikabidi asimame kwa vidole vya miguu ili asome.

"Inchi arobaini na nane," alisema. "Futi nne kamili. Iko sawa." Akairudisha tepu, ikajikunja kwa kishindo.

---

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Royce ilikuwa na urefu wa inchi moja na nusu.

Arlene alimchukua Maren kwenda Kipanga, maana mtoto wa chini ya miaka kumi hapandi bila mtu mzima, na mtu mwingine wa kwenda hakuwepo. Kabla ya kuondoka alivua meno yake ya bandia ya juu, akayafunga kwenye karatasi ya mgahawa, akamkabidhi Krista. Maren alikuwa amesema kwamba hataki kwenda bila kaka yake. Brody ndiye aliyemsukuma. Alimpa kazi ya kumchunguzia mambo: tumbo linakwenda wapi kwenye mteremko, na ukiwa juu kabisa unaona nini.

Waliobaki walikaa kwenye meza ya mbao chini ya mwavuli wa turubai. Krista aliuliza swali lake bila kupandisha sauti, kwa kuwa kweli alitaka kujua.

"Asubuhi ulipima nini?"

Royce alikuwa anakunja na kukunjua kile kipande cha kasha. Alisema kwamba ilianza mwaka jana. Aliweka skwea akaona mstari umekaribia kukaa juu ya ule wa mwaka uliotangulia, na kijana yuko pale amesimama wima, amezuia pumzi, anauliza: Nimefika wapi, Baba?

"Nikaiinua kidogo. Nusu inchi. Nilimkopesha, Krista. Nilidhani ataifikia kabla ya Krismasi, nani angejua. Halafu hakuifikia. Na mwaka huu ikawa lazima niiinue kwa ile ya mwaka jana, na ya mwaka huu, na futi nne za daktari."

"Daktari alisema tupige simu."

"Nilisikia alichosema. Mwanamke wa duka la rangi, mwanawe anakwenda kwa hao mabingwa. Sindano kila siku, miaka na miaka. Bima yetu haitoi senti mpaka tuwe tumetoa dola elfu sita mfukoni. Wewe unazo elfu sita?" Akakikunja kile kipande mara mbili. "Sikusema ni sawa. Umeniuliza, nimekujibu."

"Ni pesa, au ni yeye kulia?"

Royce alifikiri kwa uaminifu, kama anavyofikiri mtu akimuuliza mlango ufungukie ndani au nje.

"Mwaka jana alikuwa yeye," alisema. "Mwaka huu zote mbili."

Brody alikuwa kwenye ncha ya benchi, taji la karatasi bado kichwani, na hawakuwa wamekumbuka kushusha sauti. Aliisukuma tepu juu ya meza, ikafika mbele ya babake.

"Nipime tena," alisema. "Ila usishike wewe peke yako."

Walimsimamisha kwenye nguzo ya mwavuli bila viatu wala taji. Krista alilaza kifuniko kigumu cha kasha la keki utosini mwake, akakibonyeza mpaka akasikia mfupa. Royce alivuta tepu kutoka chini. Kwa sekunde moja kidole gumba chake kiliteleza kikapanda, mazoea ya siku mbili za kuzaliwa, naye akakiona, akakirudisha. Walisoma wote watatu, Brody kwa kujichomoa chini ya kifuniko huku mama yake akikishikilia pale pale.

Futi tatu, inchi kumi na robo tatu.

"Hii ni ya mchana," Royce alisema. "Asubuhi ungeongeza..."

"Baba."

"Hii ndiyo," alisema Royce.

---

Simu ilipokelewa na muuguzi wa daktari, mwenye sauti ya mtu ambaye hajala. Krista aliifungulia sauti na kuiweka katikati ya meza. Alitaja jina, tarehe ya kuzaliwa, akasikia kule upande wa pili vidole vikigonga vitufe, na baada ya kugonga, kimya kile kile cha siku nzima.

"Leo ana tisa. Na kimo?"

Krista akakitaja.

"Tunacho chetu cha mwezi wa tatu. Mnacho cha nyumbani, siku kama ya leo mwaka jana? Daktari hupenda kuona mwaka kwa mwaka. Lakini kiwe cha uhakika."

Krista alifumbua mdomo na kugundua kwamba hana. Aliuona mlango wa jikoni wazi kabisa mbele ya macho yake, mistari imepangana juu ya mistari, tarehe kwa mwandiko wa Royce, na hakukuwa na mmoja ambao angeweza kuuapia. Aliigeuza simu ikamwelekea mumewe.

Royce aliegemea meza kwa viwiko viwili.

"Kumi kamili," alisema. "Futi tatu na inchi kumi kamili."

"Na mwaka wa kabla ya huo?"

"Tisa na robo."

"Na kabla?"

"Saba na nusu. Hapo alikuwa anakwenda vizuri."

Hakuwa amesita hata mara moja. Tarehe ya harusi yao huisahau, jina la mwalimu wa Maren humponyoka, lakini namba zile zilikuwa zimesimama kichwani mwake kwa mpangilio, safi, hakuna iliyoguswa. Mlango ndio aliokuwa ameudanganya. Krista alimtazama kwa namna ambayo hakuwa amemtazama siku nyingi, na kama ilikuwa hasira au kitu kingine, hakujua bado. Aliona tu kwamba mtu huyu amekaa na hesabu hii peke yake mwaka mzima.

Muuguzi alisema kwamba daktari ataandika rufaa leo leo. Bingwa yuko mji mwingine, nafasi ya karibu ni Alhamisi ya wiki ya tatu, saa tatu asubuhi, waje na kadi ya bima. Akamtakia kijana heri ya kuzaliwa. Hakuuliza swali lolote baada ya hapo.

Brody alikuwa anaisogeza tepu kwenye ubao wa meza, anaufuata mpasuko wa mbao.

"Huyo bingwa ana nguzo yake?"

"Atakuwa nayo," Krista alisema.

"Basi msimpe namba zenu. Anipime mwenyewe."

Royce aliitikia kwa kichwa. Baadaye kidogo alisema kwamba wakifika nyumbani ataupiga msasa ule mlango. Brody alikataa. Mistari aliyoifikia mwenyewe ibaki, na ile ya Baba ibaki vilevile, ila iandikwe pembeni kwamba ni ya Baba.

Maren alitokea kwenye njia ya changarawe akikimbia, nywele zimesimama, na nyuma yake bibi yake akija taratibu, mkono kifuani, mdomo umebonyea, anamwashiria Krista kwa kidole amletee meno. Brody alisimama juu ya benchi kumpokea dadake.

"Tumbo lilikwenda wapi?"

"Kooni. Halafu likarudi, halafu sijui."

"Na ulipofika juu kabisa, uliona nini?"

Maren alivuta pumzi. Alionekana kutamani jibu zuri zaidi ya lile alilokuwa nalo.

"Nilifumba macho," alisema.

Brody alimtazama kwa masikitiko ya kweli, ya mtu aliyemtuma mwenzake sokoni akarudi na kapu tupu.

"Mimi sitafumba," alisema, akateremka kwenye benchi, akaanza kuvaa viatu vyake.